Mkanda wa begi ukae wapi begani? Fundi wa Mbuyuni anauliza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Nashona na kukarabati mabegi ya mgongoni, na wateja wangu wengi ni wapagazi wa mlimani. Wananiletea mabegi ya mtumba yaliyokatika mikanda, wanataka niyaongezee sponji. Sasa wawili wamelalamika kwamba wakibeba saa mbili tatu mkono unakufa ganzi. Mwingine kombe la bega limetokeza nyuma kama bawa la kuku, anasema begi langu limemchomoa mfupa. Nimeongeza sponji mpaka mkanda umekuwa kama godoro na hakuna nafuu. Mzigo unatakiwa ukalie mfupa gani, na mimi nipime vipi? La mwisho, mwenzangu wa cherehani ya pili anasema mwanaume ana ubavu mmoja pungufu, ule aliotolewa Adamu. Tumewekeana soda.

JIBU: Marahaba fundi. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila nimeshachoka kuwasahihisha watu. Niite unavyopenda.

Sponji iache kwanza. Wateja wako wanaumizwa na mahali mkanda ulipokaa na uzito unaouning'inia, na hata ukiweka godoro zima, kilo zinabaki zilezile na mahali ni palepale.

Watu wengi wanadhani bega limeshikana na uti wa mgongo kama tawi na shina. Halijashikana. Kombe la bega, ule mfupa bapa wa pembetatu unaouona mgongoni mtu akivua shati, limelala juu ya mbavu kuanzia wa pili hadi wa saba hivi, na kati yake na mbavu kuna misuli tu. Hakuna kiungo cha mfupa kwa mfupa pale, wala kuelekea kwenye uti wa mgongo. Linateleza juu ya mbavu kama kipande cha sabuni juu ya sahani. Mkono wako wote, kuanzia kombe mpaka kucha, umeungwa na kiwiliwili kwa njia moja tu ya mfupa: mtulinga, mfupa mwembamba uliopinda kidogo kama herufi S, unaotoka kwenye kidari (mfupa bapa wa katikati ya kifua) na kuishia kwenye ncha ya bega. Ndio huohuo unaovunjika mtu akianguka na bodaboda akatua kwa bega. Mengine yote yameshikwa na nyama.

Fanya jaribio hili hapo dukani. Weka vidole vya mkono wa kushoto kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kisha visogeze kidogo kulia mpaka ukutane na kinundu. Hapo ndipo mtulinga wa kulia unapoanzia. Sasa nyanyua mkono wa kulia taratibu hadi ugusane na sikio. Utausikia mtulinga unapanda na kujizungusha chini ya vidole vyako. Kati ya zile digrii 180 ambazo mkono umezunguka, 60 hivi zimetokana na kombe kuteleza juu ya mbavu, zilizobaki zimetoka kwenye kiungo chenyewe cha bega. Baada ya hapo mwombe mwenzako abonyeze mtulinga wako kwa kiganja, kwa nguvu kiasi, halafu unyanyue tena. Mpagazi hubanwa hivyo kwa saa sita akipanda.

Sasa tuje kwenye ganzi. Chini ya mtulinga kuna ubavu wa kwanza, mfupi na uliopinda sana, ambao huwezi kuupapasa kwa urahisi. Kati ya mifupa hiyo miwili pana upenyo mdogo, na humo ndimo inamopita mishipa ya fahamu ya mkono wote, pamoja na mishipa mikubwa ya damu ya mkono. Mkanda ukivuta bega chini na nyuma, upenyo unabanwa kama mtu anayefunga mkasi. Kijana mmoja alikuja kwangu akiwa na alama nyeusi, ngozi imekomaa kama kisigino, katikati kabisa ya mtulinga wa kushoto. Kikombe cha chai kilikuwa kinamponyoka mkononi. Nilimwambia avae begi lake, nikakuta mkanda wa nyonga unaning'inia, haujawahi kufungwa tangu alinunue. Kisa chake, ukimfunga unaingia tumboni. Mkanda wenyewe ulikuwa mzuri, ila begi lilikuwa fupi kwake kwa kama kiganja kimoja.

Huyo wa bawa la kuku ni habari nyingine, na hapa nakuomba usimwongezee wala kumpunguzia chochote kwenye begi. Begi halikumchomoa mfupa. Kuna msuli wenye meno kama ya msumeno, unaotoka kwenye mbavu za ubavuni na kupita chini ya kombe. Kazi yake ni kulibana kombe lisiachane na mbavu. Mshipa wa fahamu unaouamrisha unatoka shingoni na kushuka ubavuni ukiwa karibu na ngozi, kwa hiyo mkanda mzito unaweza kuuvuta au kuugandamiza mpaka msuli ukalala. Msuli ukilala, kombe linatokeza. Mwambie asimame kama hatua moja kutoka ukutani na kuusukuma kwa viganja vyote viwili. Kombe la upande mmoja likiinuka zaidi ya jingine, aende hospitali ya Mawenzi au KCMC akapimwe, na mlima aupumzishe. Wengi hupona, lakini ni suala la miezi, na akiendelea kubeba anajichelewesha mwenyewe.

Mzigo ukalie wapi, basi? Nyonga, fundi. Ndiyo njia ya mfupa iliyonyooka mpaka kwenye miguu.

Uti wa mgongo unaujua kwa jina la pingili zake, na jina hilo limekaa vizuri kwa watu wa huku tulio jirani na mashamba ya miwa ya TPC. Mtoto huzaliwa na pingili 33 hivi: 7 za shingo, 12 zinazobeba mbavu, 5 za kiuno, halafu 5 ambazo baadaye zinashikana kuwa mfupa mmoja kama kabari, na 4 ndogo za kifandugu ambazo nazo hushikana. Kwa hiyo mtu mzima ana mifupa 26 tu kwenye uti. Pingili za kiuno ni nene kuliko zote kwa sababu zinabeba vyote vilivyo juu yake. Ile kabari iliyo chini yake imechomekwa katikati ya mifupa miwili ya nyonga, na kutoka hapo uzito unaingia mapajani. Begi lililofungwa vizuri linaurukia mgongo wote na kutua nyonga moja kwa moja. Mikanda ya mabega kazi yake inabaki kuzuia begi lisiangukie nyuma.

Wengi huuita mkanda wa kiuno, na jina hilo limewapoteza watu, kwa sababu wanaufunga kiunoni kweli, kwenye tumbo laini. Hapo hauna pa kukalia, utateleza tu. Katikati ya upana wake unatakiwa ukalie ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, ule ambao akina mama huwapakatia watoto. Hapo ndipo uweke sponji yako, na iwe ngumu.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Mteja ainamishe kichwa. Chini ya shingo itatokeza pingili moja kuliko nyingine, kwa kawaida ni ya saba ya shingo. Weka alama ya chaki. Kisha ashike nyonga kwa mikono yote miwili, vidole gumba vielekee nyuma. Chora mstari unaounganisha vidole gumba. Pima kwa tepu kutoka chaki ya juu hadi mstari, ukifuata mgongo ulivyopinda. Huo ndio urefu wa mgongo wa begi lake, na watu wazima wengi utawakuta kati ya sentimita 40 na 55. Usiutazame urefu wa mtu. Nina wateja warefu wenye migongo mifupi na miguu mirefu kama korongo.

Mikanda ya mabega ishonee kwenye begi mahali ambapo, begi likishakaa nyonga, patakuwa vidole viwili au vitatu chini ya kilele cha bega, kati ya makombe mawili. Ipite juu ya nyama ile nene iliyo kati ya shingo na ncha ya bega, isigusane na shingo na isitambae hadi kwenye ncha. Ukiweza kupitisha kidole kati ya mkanda na mtulinga bila kulazimisha, umepatia.

Kuna ule mkanda mdogo wa kifuani. Uweke chini kidogo ya mitulinga, juu ya kidari, na uwe wa mpira unaovutika. Mbavu si kreti. Kila unapovuta pumzi zinapanda na kutanuka pembeni, kama mkono wa ndoo unapouinua. Ukiushusha mkanda na kuukaza, unazizuia. Kule kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, na mtu anahitaji kila inchi ya kifua chake.

Na uzito? Kikomo cha mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, sawa na dumu la lita 20 lililojaa maji. Ukizidi hapo, ufundi wako wote haumsaidii.

Soda ni yako. Mwanaume ana jozi 12 za mbavu, mwanamke jozi 12: saba zimeshikana na kidari kwa gegedu (mfupa laini unaopindika) yake kila moja, tatu zinaazima gegedu ya jirani aliye juu, mbili za mwisho hazifiki mbele kabisa. Vesalius, daktari wa Ulaya aliyepasua maiti kuchunguza mwili, alilionyesha hilo mwaka 1543 na ugomvi haujaisha mpaka leo. Ila mwambie mwenzako kwamba wapo watu wachache, wanaume kwa wanawake, waliozaliwa na ubavu wa ziada shingoni, kwenye pingili ile ya saba uliyoipaka chaki, na huo huusogelea upenyo wa mishipa niliokueleza. Kwa hiyo kati ya wale wawili wa ganzi, ukirekebisha begi na mmoja akaendelea kufa ganzi hata siku ambazo hajabeba kitu, naye mpeleke akapigwe picha ya eksirei.