Muulize Bi Rukia: Kimpira cha Salum kinaelea kwa nini?

SWALI: Shikamoo Bi Rukia. Shemeji yangu anayeishi Muscat alikuja likizo akamletea mwanangu wa miaka 11 gemu la ajabu. Unavaa mshipi kichwani, kichuma kinagusa paji la uso, vibanio viwili vinashika ndewe za masikio. Ukikaza fikra kimpira kinaelea, ukizubaa kinashuka. Bibi yake kasema ni majini, kalifungia kabatini. Mimi hofu yangu ni nyingine: halimpigi umeme kichwani? Na haliwezi kujua mtoto anawaza nini? Shemeji anadai litamsaidia darasani.
Mama Salum, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza bibi. Mwombe aweke kiganja pale kimpira kinapoelea, atausikia upepo. Chini kuna feni ndogo, mshipi unaiambia iende kasi au polepole. Majini hayahitaji betri.

Miaka 19 nimefanya kazi ya kupima umeme wa ubongo hospitalini, basi umenigusa penyewe. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na kidogo sana huvuja hadi kwenye ngozi ya kichwa. Betri ya saa ya ukutani ina nguvu ya mara 30,000 hivi kuliko kile tunachokinasa. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyekinasa kwa binadamu mara ya kwanza, mwaka 1924. Mshipi wa Salum unasikiliza tu, haupeleki umeme kichwani. Namna hiyo ya gemu si ngeni: kampuni ya Mattel ilitoa Mindflex mwaka 2009, na chipu yake ilitoka kampuni ya NeuroSky.

Kuhusu kusoma mawazo, cheka kidogo. Sisi tulibandika elektrodi 21 kichwani, yaani vichuma vya kunasia umeme, kila moja na dawa yake ya kunata, na akina mama tukiwaambia wafumue misuko na wasipake mafuta. Pamoja na tabu yote hiyo, niliona mtu kafumba macho, kwa sababu mawimbi ya kisogoni hutulia yakapiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Niliona aliyesinzia. Niliona dalili za kifafa. Jina la mchumba sikuwahi kuliona. Salum ana kichuma kimoja tu pajini.

Tena paji ni mahali pabaya kwa kazi hiyo. Mgonjwa akija na bigijii mdomoni, mistari yote ya kipimo inakuwa msitu, maana misuli ya taya na paji ina umeme unaoufunika ule wa ubongo. Atari, kampuni ya michezo ya video, walitengeneza mshipi wao, Mindlink, mwaka 1984. Huo ulipima misuli ya paji waziwazi, na haukufika sokoni. Mpwa wangu ana gemu kama la kwenu. Yeye alikodoa macho akiwaza kwa nguvu zote, mimi nikakaza meno huku nawaza bei ya vitunguu. Nilimshinda mara tatu mfululizo. Mwambie Salum ajaribu, uone kimpira kitafanya nini.

Darasani? Usiyaamini maneno hayo ya shemeji. Mtoto kukaa kimya dakika kumi ni jambo jema, lakini hata bao lingemkalisha.

Mambo mawili ninayoyachukulia kwa uzito. Kama Salum amewahi kuanguka kifafa, gemu lolote lenye taa au skrini inayomwekamweka lisubiri mpaka umwone daktari. Na kama hilo gemu linataka kuunganishwa na programu ya simu, soma inachokuomba. Jina, tarehe ya kuzaliwa na picha ya mtoto ndivyo vitakavyomfikia mtu mwingine, wala si mawazo yake.

Halafu mwombe bibi ufunguo mapema. Betri zikikaa kabatini na joto la Tanga huvuja, zikala vyuma vyote vya ndani.