Kanga wa nani hawa uani kwangu?

SWALI: Habari za kazi jamani. Mimi naishi Nala huku Dodoma, Jumamosi asubuhi nafungua mlango nakuta kanga watano wanaparura chini ya mwarobaini, nikadhani wanapita tu lakini leo siku ya nne wapo, usiku wanalala juu ya mti, alfajiri wanapiga kelele mtaa mzima unaamka. Watoto wanawatupia mtama na wanakula vizuri tu. Mume wangu anasema riziki imejileta yenyewe tuchinje, jirani anasema hao wa porini mtafungwa. Na mimi nina kuku 12, naogopa wasije wakaletewa ugonjwa. Nifanyeje?
Mama Watatu, Nala

JIBU: Mama Watatu, pole na hizo kelele. Mwambie baba watoto kisu akirudishe ndani, maana kanga akiwa wa mtu huo ni wizi, na akiwa wa porini ni mali ya serikali, ukimuua bila kibali umevunja sheria ya wanyamapori ya 2009.

Ila mi naona hao ni wa mtu. Kanga wa porini anakimbia hata hujamwona vizuri, hawezi kula mtama mbele ya watoto siku ya pili ya tatu. Angalia na manyoya, wa porini wote ni weusi weusi wenye madoadoa meupe, wa kufugwa mara nyingi utakuta mmoja ana kifua cheupe au ni wa rangi ya majivu. Halafu si tunasema kanga hazai ugenini, wafugaji wanaujua huo ukweli, kanga mkubwa ukimnunua ukamwachia siku hiyohiyo anaondoka kutafuta kwao, ndo maana anafungiwa bandani wiki kadhaa kwanza apazoee. Nahisi kuna mtu hapo karibu kawanunua akawaachia mapema, na saa hizi anazunguka anawatafuta roho juu, wengine hela ya mifugo ndo ada ya watoto hiyo.

Kwa hiyo nenda kwa mjumbe leo leo, na mwenyekiti wa mtaa aandike kwamba kanga watano wako kwako tangu Jumamosi, ili kesho mtu asije akasema umewaiba. Omba watangaze msikitini na kanisani. Akija mtu, kabla hajawaona muulize ni wangapi na wana rangi gani. Asipotokea, au afisa wanyamapori wa halmashauri akisema ni wa porini, basi waamue wao.

Kuhusu kuku una haki ya kuogopa, kanga anapata kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza upesi, na anaweza kukileta. Kuku wafungie kwa sasa, kanga wawe na chombo chao cha maji mbali kabisa, na kama ile chanjo ya kideri ya tone la jicho imeshapita miezi mitatu mwite afisa mifugo wa kata.

Siku ya kuwakamata iwe usiku wakiwa wamelala, mchana mtakimbizana bure. Mtu amkumbatie kanga na mabawa yake yote, asimvute mguu hata kidogo, unateguka upesi sana. Na ukisikia mmoja analia kwa sauti inayokatika mara mbili huyo ni jike, pekua kwenye nyasi huko nyuma ya nyumba, akiwa ametaga mayai nayo ni ya mwenyewe.