Zima Fulu za Otomatiki Kabla Hujatoka Tabora Usiku

Juma lililopita msomaji mmoja wa Kaliua aliniandikia kwamba amepokea gari lake la kwanza kutoka Japani, la mtumba lakini bado safi, na kwamba kila anapotoka nalo usiku malori yanayokuja mbele yake yanampigia fulu, yaani taa kali za kumulika mbali, kwa hasira ilhali yeye hajagusa swichi yoyote. Aliuliza kama taa zimefungwa vibaya, au kama kuna mtu bandarini aliyemchezea waya. Mdogo wangu, gari lako halina ubovu wowote. Linafanya kile kile lilichoundwa kufanya, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma, kuna kamera ndogo. Kamera hiyo inatafuta mwanga wa taa. Ikiona taa nyeupe zinazokuja, au taa nyekundu za gari lililotangulia, inashusha taa zako; isipoziona, na mwendo wako ukiwa umefika kiwango alichopanga mtengenezaji, inazipandisha fulu yenyewe. Katika nchi ambayo karibu kila kitu kinachotembea barabarani usiku kina taa mbele na nyuma, mpango huo una busara, kwa kuwa dereva anapumzisha mkono na anayekuja hapofuki macho. Mtengenezaji hakuwa na barabara ya Sikonge akilini alipoupanga.

Barabara ya kutoka Tabora hadi Kigoma naijua tangu ilipokuwa vumbi tupu, kabla Daraja la Kikwete halijajengwa pale Malagarasi, wakati ambapo kufika Uvinza kabla ya giza lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, au labda ninajisifu kidogo. Ndiyo maana sijasahau jioni ile katika kituo cha mafuta, nikiwa na mke wangu na shemeji yangu, dereva wa basi aliposhuka, akaja hadi dirishani kwangu na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mzee, kama taa zimekushinda, mpe kijana aendeshe." Shemeji alicheka. Mimi nilikuwa nimeendesha kwa utulivu njia nzima, nikiwa nimeambiwa na muuzaji wa gari kwamba taa hizi zina akili kuliko dereva, na nikalipa bei iliyozidi kidogo kwa sababu ya akili hiyo.

Kilichomuudhi dereva yule nilikuja kukielewa baadaye. Kutoka Urambo kuelekea magharibi kuna vipande virefu vya barabara vilivyonyooka, vyenye miombo kulia na kushoto, ambako unaliona gari likiwa mbali sana, kama cheche tu. Dereva wa huku anashusha taa mapema kwa adabu, na mwenzake anajibu kwa kushusha zake. Kamera inasubiri mpaka mwanga wa anayekuja uwe na nguvu ya kutosha, na kwa muda wote huo mwenzako anaamini kwamba unamdharau. Akikuonya kwa kuwasha na kuzima haraka, kamera inaweza kuchelewa tena. Vilevile mwenye lori akikuwashia indiketa ya kulia wakati wa kupishana, anakuonyesha mwisho wa upana wa mzigo wake ili umwachie nafasi. Mawasiliano hayo ni ya watu wawili wanaoelewana, na mtambo haumo.

Ukifika Kidahwe na kuanza milima ya kuingia Kigoma, jambo linazidi kuwa baya. Mtu anauona mwanga ukichomoza nyuma ya mgongo wa kilima, anajua kuna gari linapanda upande wa pili, anashusha taa kabla halijatokea. Kamera nyingi hazifanyi hesabu hiyo. Zinangoja taa zenyewe zitokeze, na zinapotokeza, macho ya anayekuja yamekwisha kupigwa.

Hata hivyo, si malori wala mabasi yaliyonifanya nizime mtambo huu moja kwa moja. Ni baiskeli. Anayeijua Tabora anajua kwamba baiskeli huku ni usafiri, ni mkokoteni na ni duka. Saa moja usiku kuna mtu anayesukuma magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa kwa mpira, kichwa kikiwa kimeinama, pembeni kabisa mwa lami, na hana taa mbele wala kiakisi nyuma. Kwa kamera mtu huyo hayupo. Kwa hiyo fulu zinabaki juu, zinampiga usoni kuanzia mbali mpaka unampita, naye kwa sekunde kadhaa haoni mwisho wa lami uko wapi. Nilimwona mmoja akiinua kiganja kuziba macho, gurudumu la mbele likateleza kwenye changarawe, na magunia yakamvuta upande wa barabara. Aliweka mguu chini kwa wakati. Nilishusha taa kwa mkono nikiwa nimechelewa, kwa kuwa mtambo ulikuwa umenizoesha kuweka mikono kwenye usukani na kuwaza mambo mengine.

Upande wa pili wa aibu hiyo ni kwamba mtambo huo huo hushusha taa pale unapozihitaji. Kibao cha barabarani kinachoakisi mwanga wako mwenyewe, au balbu za vibanda vya Nguruka, vinatosha kuidanganya kamera kwamba kuna gari, na ghafla unabaki na dimu, yaani taa za chini, wakati ng'ombe wanavuka. Hili si jambo la starehe. Kipimo cha ukaguzi wa magari huko Japani ni kwamba taa za chini zimulike kizuizi kilicho mita 40 mbele, na fulu mita 100. Ukienda kilomita 80 kwa saa unakula takriban mita 22 kila sekunde, na kusimama kabisa kwenye lami kavu kunahitaji zaidi ya mita 50. Kwa mwendo huo, ukiwa na dimu, unaendesha kuingia mahali ambapo bado hujapaona. Punguza mwendo kila taa zinaposhuka, ziwe zimeshushwa na wewe au na mtambo.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanagonga kioo na kuganda mbele ya kamera, na vumbi jekundu linashikana nao. Futa sehemu hiyo ya juu kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vipangusio vya magari mengine havifiki vizuri hapo. Usibandike stika yoyote karibu nayo. Kama kioo kilipasuka na kubadilishwa, kamera inatakiwa kupangwa upya kwa kifaa maalumu, na mafundi wengi watakufungia kioo vizuri sana bila kuigusa kamera.

Kuzima ni rahisi ukishajua pa kushika. Tafuta kwenye dashibodi alama ya taa yenye herufi A ndani yake au maandishi ya otomatiki. Ikiwaka, mtambo unafanya kazi. Kwenye magari mengi kuna kitufe karibu na usukani au kwenye ncha ya mkono wa taa. Kitabu cha gari kitakuwa cha Kijapani, lakini michoro yake inasomeka, hivyo usikitupe. Ukishazima, zoeza vidole vyako kupandisha na kushusha, na umshushie kila unayekutana naye, awe na taa au asiwe nazo. Mwenye baiskeli pia ana macho.

Wapo watakaoniambia kwamba teknolojia inakua. Ni kweli, na inakua polepole kuliko wauzaji wanavyosema: General Motors waliweka jicho la kushusha taa kwenye Cadillac na Oldsmobile mwaka 1952, na madereva wa wakati ule walilalamika pia. Siku hizi kuna taa za LED zinazozima kipande kimoja tu cha mwanga kilichoelekea kwa gari linalokuja na kuacha vingine vikiwaka. Marekani iliziruhusu mwaka 2022, baada ya Ulaya na Japani. Nyingi kati ya hizo nazo zinaongozwa zaidi na taa za wengine. Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kaliua, ukiambiwa na muuzaji uongeze pesa kwa ajili ya taa za namna hiyo, muulize kwanza zitafanya nini zikikutana na mtu wa mkaa, na asipokuwa na jibu, pesa hiyo inunulie matairi.