Uhandisi wa Baharini Pasipo na Bahari, na Swali la "Usalama wa Moto"

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Jinja. Shule yetu itamkaribisha profesa wa chuo kikuu awaeleze wanafunzi kuhusu taaluma yake, nami nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Nimeandika hivi: "Ni profesa wa uhandisi wa baharini ambaye amefundisha na kutafiti usalama wa moto wa meli kwa miaka ishirini." Mwenzangu mmoja anasema Uganda haina bahari, kwa hiyo wanafunzi watacheka. Mwingine anadai kwamba "usalama wa moto" si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, wenzako wote wawili wamegusa jambo la kweli, ingawa yule wa pili ndiye aliyegusa lililo zito zaidi.

Nianze na bahari. Wanafunzi wako wanaozungumza Kiganda wana neno moja, ennyanja, linalotosha ziwa na bahari, lakini Kiswahili kimeyatenganisha maji haya tangu zamani, na ndiyo maana neno "baharini" linaligonga sikio la mtu aliyekaa kando ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria. Hata hivyo, si kila neno lililozaliwa na "bahari" limefungwa kwenye maji ya chumvi. Kiarabu, kilikotoka neno hili, huuita bahr hata mto: Nile hiyohiyo inayotoka ziwani hapo Jinja kwenu ikifika Sudan Kusini huitwa Bahr el Jebel. Katika Kiswahili chetu pia, mtu anayefanya kazi katika kivuko cha MV Kalangala, kinachovuka ziwa hilo kati ya Nakiwogo na Lutoboka, ni baharia, wala hakuna anayemdai jina jingine kwa sababu maji yanayombeba hayana chumvi. "Baharia" limekwisha kuwa jina la kazi.

"Uhandisi wa baharini" ni jambo tofauti, kwa sababu kiambishi -ni bado kinataja mahali. Anayelisikia huelezwa uhandisi unafanyika wapi, haelezwi unahusu nini, na mabomba ya mafuta yaliyolazwa chini ya bahari yangeweza kudai jina hilo kwa haki ileile. Kwa kuwa taaluma ya mgeni wenu inahusu chombo chenyewe, yaani umbo lake, injini zake na mitambo yake, mimi ningesema "uhandisi wa vyombo vya majini", au "uhandisi wa meli" iwapo anashughulika na meli peke yake. Majina haya ni ya kweli Mombasa kwenye bahari na ni ya kweli Port Bell kwenye ziwa. Ila usiyaguse majina rasmi ya taasisi: kama mtu alisoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, jina hilo libaki lilivyo.

Sasa tuje kwenye "usalama wa moto", ambalo nimelikuta katika mabango na ripoti nyingi mno, na ambalo kwa kweli hunisumbua. A-unganifu katika Kiswahili, yaani ile -a ya "wa", "ya" na "cha" inayounganisha nomino mbili, ina kazi nyingi, na wale wanaolitetea neno hili hukimbilia mifano kama "dawa ya mbu", "chanjo ya polio" na "bima ya moto", ambapo kinachotajwa baada ya -a ndicho kinachopigwa vita. Mifano hiyo ni sahihi kabisa. Lakini tazama nomino zinazotangulia: dawa, chanjo, bima, kinga. Zote ni majina ya vitu vinavyotengenezwa au kuwekwa ili kukabili kitu kingine, kwa hiyo msikilizaji huwa anamtazamia adui. "Usalama" haumo katika kundi hilo, kwa maana ni hali ya yule aliyesalimika, na kinachoufuata humtaja huyo: usalama wa abiria, usalama wa mizigo, usalama wa taifa. Mkataba mkuu wa kimataifa wa meli, ule unaojulikana kwa ufupisho wa SOLAS, ambao toleo lake la kwanza liliandikwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, unahusu usalama wa maisha baharini, na kila mtu anaelewa kwamba kinachosalimishwa ni maisha. Kwa mantiki hiyohiyo, "usalama wa moto" unausalimisha moto. Andika "usalama dhidi ya moto", au "kinga ya moto" pale unapozungumzia hatua za kuzuia moto usizuke wala kuenea.

Uamuzi huu una uzito katika taaluma ya mgeni wenu kuliko katika taaluma nyingi, kwa sababu huko kinga, ugunduzi na uzimaji ni mambo matatu tofauti, na toleo la SOLAS la mwaka 1974 limeyawekea kanuni katika sura ya II-2. Sehemu za mitambo zinazoweza kupata joto la zaidi ya nyuzi 220 za Selsiasi, na ambazo mafuta yanaweza kuzirukia bomba likipasuka, sharti zifunikwe kwa kihamijoto, yaani kitu kinachozuia joto lisipite, na mafuta ya injini kwa kawaida hayapaswi kuwa ya aina inayotoa mvuke wa kuwaka katika joto lililo chini ya nyuzi 60. Yote hayo ni kinga, na hakuna hata ndoo moja ya maji iliyokwisha kuguswa. Tena uzimaji wenyewe unaweza kuuvunja usalama. Meli ya Ufaransa Normandie, iliyokuwa imechukuliwa na Marekani ili ibebe askari, ilishika moto bandarini New York tarehe 9 Februari 1942. Maji yaliyomwagwa kuuzima yalijaa katika sitaha za juu, meli ikalalia ubavu na kupinduka. Vilevile hewa ya ukaa inayofunguliwa katika chumba cha injini huuzima moto kwa kuuondolea oksijeni, na humuua mtu aliyesahauliwa ndani. Kwa hiyo ukimwita profesa "mtaalamu wa zimamoto", wanafunzi watamtazamia askari wa kikosi cha polisi mwenye mpira wa maji, na kazi yake ya miaka ishirini itakuwa imepunguzwa hadi sehemu yake moja.

"Moto wa meli" ningeuacha upite katika mazungumzo, lakini siyo katika wasifu. Tunaposema moto wa kuni au moto wa gesi tunataja kinachowaka, ilhali katika meli ya chuma kinachowaka kwa kawaida ni mafuta, mizigo, rangi au samani. "Moto melini" hutaja mahali, na hapa mahali ndipo panapohitajika, kwa kuwa ugumu wote unatokana na kuwa ndani ya chombo ambacho mtu hawezi kukitoka kwa miguu. Ukihitaji kueleza ajali, kumbuka pia kwamba meli "iliyoungua" inaweza kurudi kazini, bali "iliyoteketea" imekwisha.

Jambo la mwisho ni cheo, ambacho hukukiuliza lakini kimo katika sentensi yako. Hapa Uganda watu humwita profesa karibu kila anayefundisha chuo kikuu, kwa heshima tu. Katika wasifu ulioandikwa, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa ni ngazi nne, na kila moja hupandwa kwa miaka ya utafiti, kwa hiyo muulize mwenyewe yuko ipi. Kama ana shahada ya uzamivu, itaje kwa jina hilo bila wasiwasi, ingawa mzizi wake ni ule wa "kuzama": aliyezamia elimu amekwenda chini kwa hiari yake, na neno hilo linamfaa vizuri msomi wa meli.

Akikuthibitishia kwamba ni profesa kamili, ningeandika hivi: "Ni profesa wa uhandisi wa vyombo vya majini ambaye kwa miaka ishirini amefundisha na kutafiti usalama wa watu na meli dhidi ya moto." Nimewaongeza watu kwa makusudi, kwa sababu wasipotajwa baada ya "usalama wa", msomaji hana budi kubahatisha ni nani anayelindwa.