Lori likiwasha taa ya kuume, nipite?

Ndugu yangu, unauliza kama magari kuzungumza kwa redio kungekusaidia kupita malori njia ya Kasumbalesa, huku Kongo mpakani na Zambia, maana volani yako iko kuume na huku tunaendesha upande wa kuume wa barabara, hivyo huoni anayekuja mbele ya lori. Kungesaidia, ila si leo. Gari lenye kifaa hicho hutangaza mahali lilipo, mwendo na uelekeo mara kama 10 kwa sekunde, na wenzake hulisikia mita kama 300, hata likiwa limefichwa na lori. Lakini lisilo nacho ni bubu, na kwetu mabubu ndiyo wengi.

Unabaki na taa za shofa wa mbele. Akiwasha ya kuume, wengi husoma "pita", kumbe labda anataka kuegesha tu. Ya kushoto ni "ngoja", au anakata kona. Hiyo ni hisani yake, si ruhusa. Usimgande mgongoni: ukikaa nyuma kidogo, barabara iliyo mbele yake inaanza kuonekana. Aliyekaa kiti cha kushoto akutazamie njia, mkiwa mmekubaliana maneno mawili tu, "bado" na "wazi". (Mtoto usimpe kazi hiyo.) Na vumbi likifunga, acha kabisa kupita.