Laki tatu na wazo la biashara: langu nililiokota Ujiji

Mkuu, umeuliza: uko Mwanga hapa Kigoma, una laki tatu, umechoka kuambiwa bodaboda na duka la vocha, tukupe wazo jipya. Nikupe lipi? Nitakalokutajia hapa, wengine hamsini watakuwa wamelisoma kabla hujafunga simu. Bora nikusimulie langu lilivyokuja.

2018, Waziri Mkuu Majaliwa alipolivalia njuga zao la michikichi mkoani kwetu, kila niliyekutana naye alikuwa anatafuta shamba na kuulizia miche ya aina ya tenera, maana inatoa mafuta mengi kuliko dura yetu ya zamani. Nami nikataka kuingia kichwakichwa. Nikapiga hesabu: mche unakula miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa, na kodi ya chumba inadaiwa kila mwezi. Nikaacha, roho inaniuma.

Siku moja nikaenda Ujiji kumsalimia shangazi, nikamkuta jirani yake anakamua mawese. Msimu umechanganya, masufuria yamejaa, na bado ananung'unika. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu Mungu kakupa." Akajibu bila kuinua uso: "Mawese tunayo, mwanangu. Pa kuyatia ndiyo hatuna."

Alikuwa na madumu matatu, moja limepasuka ubavuni kaliziba kwa kipande cha sabuni. Nikamuuliza mengine anapata wapi. Anaazima. Akikosa je? Anamuuzia mchuuzi anayekuja na madumu yake, kwa bei anayotaka mchuuzi.

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Yule mama dumu alikuwa analilipia tayari, ila analilipia kwa kupunjwa mawese.

Kesho yake nikazunguka Mwanga kwa wakaanga chipsi na maandazi. Madumu ya lita 20 yamelundikana nyuma ya mabanda, watoto wanayachezea. Nikachukua 40 kwa 2,500 kila moja, nikayaosha kwa maji moto, sabuni ya unga na kokoto ndogo za kutikisia ndani, nikauza 4,000. Yakaisha siku tatu. Wamama wawili wakaniachia hela ya mzigo unaofuata kabla sijaufuata, na ni hiyo hela iliyonishawishi kuliko faida yenyewe.

Mzigo wa tatu nikayakoroga. Kijana mmoja mwaloni aliniuzia madumu kwa bei ya kutupa, mimi nikaona bahati. Kumbe moja lilikuwa la dizeli. Mawese lita 20 ya mtu yakanuka. Nikalipa yote, nikaomba radhi mbele ya shangazi, na hiyo aibu iliniuma kushinda hela. Tangu siku hiyo dumu nalifunga kizibo, naliacha juani kutwa, jioni nafungua na kunusa. Dizeli ikipata jua haijifichi.

Sasa usidhani kila lalamiko ni mtaji. Mwaloni Kibirizi niliwasikia wateja wakilalamika kuwa dagaa wana mchanga. Nikanunua walioanikwa kwenye vichanja, nikafungasha, nikabandika na lebo. Watu wakasifia mpaka basi, halafu wakaenda kununua wale wale wa mchanga. Kuosha dagaa kunawagharimu maji tu, wataniongezea hela ya nini? Yule mama wa mawese alikuwa anaumia mfukoni, hawa walikuwa wanapiga soga.

Nyingine imenipita hivi hivi. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, na tarehe tulizisikia wote mapema. Mwenzangu mmoja akajaza chumba dagaa wakavu. Mimi nilikuwa kijiweni nalalamika na wenzangu.

Kwa hiyo hiyo laki tatu usiiguse wiki mbili. Shinda Kibirizi asubuhi boti zikishusha mizigo, jioni zunguka sokoni. Mtu akilalamika, usimuulize anataka nini, atakutungia. Muulize kwa sasa anafanyaje, na hiyo njia inamla kiasi gani. Andika kwenye daftari. Ukipata mmoja aliye tayari kukuachia hata elfu tano ya awali, rudi hapa tukuchambulie hesabu.

Ila kama utaangukia kwenye madumu, tafadhali nenda Simbo. Ujiji tumeshakuwa wanne.