Barua kwa mwanangu anayevua gwanda

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi hatujambo, ila mvua imechelewa na baba yako anailaumu kana kwamba inamsikia. Ama baada ya salamu, ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama ufundi wako wa karakana ya jeshi utahesabika uraiani, au utaishia getini na kirungu kama wenzako wengi.

Utahesabika, baba, lakini inategemea utajitambulishaje. Unajua nimekaa stoo ya vipuri ya kampuni ya mabasi mpaka nikastaafu, na barua za kuomba kazi zilipita mezani kwangu zikienda kwa meneja wa gereji. Wanajeshi waliandika cheo, miaka ya utumishi, "nimelitumikia taifa kwa uadilifu". Meneja anasoma kwa heshima zote, halafu anaiweka pembeni, maana hajaambiwa kama huyu bwana anaweza kushusha giaboksi. Wewe andika kazi: injini za dizeli za magari mazito, breki za upepo, haidroliki, jenereta, umeme wa volti 24. Hiyo volti 24 usiidharau. Ndiyo iliyo kwenye malori, mabasi makubwa na mitambo ya migodini, wakati fundi wa mtaani aliyekulia kwenye gari ndogo amezoea 12. Kwa hiyo elekea kwenye vizito: malori yanayokwenda Zambia na Kongo, migodi ya Geita, mitambo ya barabara. Kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, utagombania Vitz na vijana wanaozijua kuliko wewe.

Aina za silaha, idadi ya magari na kikosi kilipo usiviandike popote. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachi siku unayorudisha sare. Ukiwa na shaka, muulize mkuu wako kabla hujatuma.

Kuhusu cheti, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Umewekwa kwa ajili ya mtu aliyejifunzia kazini. Wanakupima kwa vitendo, wanakuonyesha ulipopungukiwa, unafundishwa hapo, kisha unapewa cheti ambacho mwajiri yeyote anakielewa. Usione aibu kupimwa na mwalimu uliyemzidi umri wa kazi. Hapo utakuwa fundi mchundo. Ukitaka siku moja uwe fundi sanifu, hiyo ni stashahada, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha, na vyeti vyako vya kidato cha nne ninavyo kabatini.

Jambo linalonitia hofu ni hili. Mwenyewe uliniambia magari mengi mnayoyatengeneza yana pampu ya dizeli ya kizamani. Hewa ikiingia, mnalegeza nati ya paipu ya nozeli, mmoja anapiga stata, povu linatoka, dizeli safi ikija mnakaza. Uraiani utakuta injini ambazo mafundi wanaziita komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa. Ile usiilegeze injini ikizunguka, hata kwa utani! Presha humo inaweza kuzidi baa 1,000, na kwenye nyingine inakaribia 2,000. Dizeli inapenya ngozi, unaona kitundu kama cha sindano tu, huumwi sana, unaendelea na kazi, kumbe mkono unahitaji daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo. Jifunze hizo injini na kompyuta ya kuzipimia kabla hujajisifu kwa mtu kwamba dizeli unaijua.

Ulicho nacho wewe na wengi hawana ni mazoea ya kuandika kila kazi kwenye kitabu cha gari. Kambini gari linafanyiwa sevisi muda wake ukifika hata kama halijatoka bandani, na aliyeligusa anasaini. Huku utaambiwa "si bado linatembea?" Shikilia kuandika. Lakini nikuambie pia walipokwama wale wanajeshi tuliowaajiri. Uwezo walikuwa nao. Wanaona ubovu, wanauandikia ripoti nzuri, halafu wanakaa kusubiri amri. Huku basi limelala, abiria wamerudishiwa nauli, meneja anapasuka. Alichotaka ni mtu wa kumpigia simu: kifaa fulani kimekufa, kipya bei hii, kilichotumika bei hii lakini hakitamaliza miezi, gari litatoka saa kumi. Bei za vipuri jifunze kama ulivyojifunza kupiga saluti. Jeshini ulisaini tu stoo, hukujua seti moja ya bush inagharimu nini.

Na watakufundisha cha juu. Unatumwa dukani, kipuri ni elfu themanini, risiti inaandikwa laki na ishirini. Mimi nilizijua risiti hizo kwa kuziangalia, na wenye mali nao wanazijua, wanasubiri tu wapate fundi mwingine.

Kuhusu wazo lako la kununua basi dogo la Coaster kwa mafao: hapana. Utakuwa fundi, dereva, mdai wa kondakta na mdaiwa wa benki kwa wakati mmoja. Ajiriwa kwanza mwaka mmoja au miwili kwenye gereji ya watu, uone pesa inavyopotea kwenye gari la mwenzio. Sehemu ya mafao nunua vifaa vyako mwenyewe, spana za kweli, si zile zinazochanua kwenye nati ya kwanza, na mita nzuri ya umeme.

Nitumie nakala za vyeti vyote vya kozi ulizofanya jeshini, hata vile vya wiki mbili. Yupo mama mmoja niliyefanya naye kazi, sasa ni afisa rasilimali watu kwenye kampuni ya malori, na Jumatano nitakwenda kumwona.

Mama yako